Ni Kweli Nimemtilia Mume Wangu Dawa

Mama Becky mpendwa, naomba unisaidie, na tafadhali usikasirike kabla hujafika mwisho, kwa sababu hata mimi nikiisoma barua hii naona kama imeandikwa na mwanamke mbaya.

Mimi ni mama wa Bungoma niliyeolewa huku Mutuini na Mkikuyu anayeitwa Thuo, na tangu siku ya kwanza mama mkwe wangu aliamini kwamba nilimtilia mwanawe dawa kwa chakula, si kwa chuki nyingi, ila kwa vile Thuo alikuwa akinifulia nepi nikiwa na mtoto mchanga na kuniletea maji bila kutumwa, na kwao mwanaume akifua nepi lazima kuna kitu amelishwa. "Watu wa upande wenu mnajua hizo mambo," alikuwa akiniambia, na mimi nilikuwa nacheka tu, maana dawa pekee niliyoijua ilikuwa chumvi na mrenda, ile mboga yetu ya kuteleza.

Thuo ni fundi wa mawe, na alikuwa kwenye mjengo wa ghorofa kule Kileleshwa, mbao aliyosimamia ikateleza akaanguka na kuumia uti wa mgongo, tukamshukuru Mungu kwamba miguu haikufa kabisa, lakini ilirudi na tabia mbaya, inakaza kama mbao na ikitaka inaruka yenyewe, akiwa amelala ananipiga mateke halafu asubuhi ananiomba msamaha kwa kosa ambalo hata halijui. Daktari akamwandikia vidonge vya kulegeza misuli vinavyoitwa baklofeni, akaanza na kidogo akawa anaongeza polepole, na akatuonya sote wawili kwamba dawa hii haiachwi ghafla hata siku moja, zikikaribia kuisha tuje mapema.

Onyo hilo nililiamini kwa macho yangu, kwa sababu kuna wakati dawa zilikosekana, tukasema tutangoja kidogo, na Thuo akaanza kutokwa jasho na kutetemeka, mwili ukawa moto, akawa anaona mafundi wenzake wamekaa juu ya dari na anawaitisha simiti kwa sauti, "Leteni simiti! Hii kozi ya mawe itakauka!" Nilimkimbiza hospitali, wakamrudishia dawa, akatulia. Lakini yeye hakumbuki. Anasema ilikuwa malaria.

Sasa kilichonifikisha hapa ni harusi. Binti yetu Wahu anaolewa Desemba hii, na katika kanisa letu mchungaji huuliza, "Ni nani anayemtoa binti huyu?" na baba husimama na kujibu. Miezi michache iliyopita daktari aliongeza dawa kwa sababu mimi nilimwambia hatulali kwa mateke, na kweli tukaanza kulala, lakini magoti ya Thuo yakawa yanakunjika. Hapo awali, na ugumu ule ule, alikuwa akishika magongo anasimama wima, na sasa akijaribu anashuka kama nguo iliyotoka kwa kamba. Basi siku moja akaniita, akanipa bahasha ya vidonge, akasema, "Mama Wahu, hii dawa inanilegeza. Nimekuwa kama ule mrenda wenu. Nataka kusimama siku ya mtoto, hata kama ni dakika moja. Enda utupe kwa choo, na usiambie daktari."

Nilienda hadi mlangoni mwa choo, Mama Becky. Nilisimama pale nikamkumbuka akiitisha simiti, nikashindwa, nikaificha bahasha kifuani na kurudi nikasema nimetupa. Kesho yake nikakiponda kidonge kwa mgongo wa kijiko, nikakikoroga kwenye uji wake wa wimbi, nikazidisha ndimu. Akaonja, akaniangalia. "Hii uji mbona iko na uchungu?" Nikamwambia ni ndimu. "Basi punguza ndimu," akasema, akanywa wote. Na hivyo ndivyo nimeendelea, asubuhi kwenye uji, mchana kwenye supu, jioni kwenye chai, na kila asubuhi ananiita nimshike ajaribu kusimama, magoti yanakunjika, ananiambia, "Labda bado haijatoka kwa damu." Halafu anamwomba Mungu amkazie miguu, na mimi niko jikoni ninaosha kijiko kile.

Ningeweza kuendelea hivyo mpaka harusi ipite, maana nilijiambia nitaungama baadaye. Lakini kuna mwanaume anaitwa Zadock, anakaa Kangemi, aliumia mgongo kwa ajali ya gari, na wanafanya mazoezi pamoja na Thuo pale kliniki na wanatumia dawa ile ile. Siku moja nikiwa nimewashikia masweta nikamsikia mume wangu akimwambia, "Mimi niliacha hiyo dawa kitambo, na niangalie. Sina jasho, sina nini. Hawa wanatutisha tu." Zadock akamwangalia kwa mshangao, akasema, "Kumbe inawezekana? Basi hizi zangu zikiisha sitafuti zingine." Wakagongana ngumi wakacheka. Mimi nikawapa masweta yao. Thuo hana jasho kwa sababu hajaacha, na Zadock ataacha kwa sababu ya uji wangu!

Kama hilo halitoshi, mama mkwe alikuja kututembelea, akakuta Thuo amebakisha uji nusu kikombe, akakichukua akasema chakula cha Mungu hakimwagwi, akakipeleka mdomoni. Nilimpokonya. Nilimpokonya mama mzima kikombe mkononi nikamwaga chini mbele yake, nikasema kimeingia nzi. Aliangalia pale chini, akaniangalia mimi, hakupiga kelele, akaniuliza pole pole, "Mama Wahu, kwani uliweka nini?" Tangu siku hiyo hali kwangu kitu, na chakula cha mwanawe anakipika yeye na kukileta kwenye bakuli lililofunikwa, na Thuo kwa heshima ya mama anakula cha mama na kuacha changu, kwa hiyo dawa siku nyingine inaingia na nyingine haiingii.

Juzi haikuingia asubuhi wala mchana. Jioni miguu ikaanza kurukaruka, halafu ikakaza, na Thuo akapiga kelele za furaha, "Inarudi! Kuja uone, inarudi!" Nikamshika, na Mama Becky, akasimama. Alishika fremu ya mlango akasimama wima kabisa, akawa mrefu tena kuliko mimi, akaniangalia kutoka juu akacheka, na mimi nikalia, akadhani ni furaha, na nusu yake ilikuwa furaha kweli. Halafu nikaona jasho kwenye shingo yake. Nikaogopa, nikamwekea dawa mara mbili kwenye chai ili kufidia ile iliyopita, na siku iliyofuata alilala mchana kutwa hata nikawa namtikisa nione kama anapumua.

Nikimwambia ukweli, hatakula tena kitu kutoka mkononi mwangu, na mama yake atakuwa amekuwa na haki miaka hii yote. Nikinyamaza, Zadock ataacha dawa, na Thuo sijui nitampa dawa kwa njia gani tena. Nampenda mume wangu. Nifanye nini? Nimeandika namba ya simu ya jirani nyuma ya bahasha ya barua hii, na naomba ubadilishe majina, ingawa Thuo gazeti hulianza nyuma kwenye mpira na sidhani kama huwa anafika kwenu.

Ni mimi Naliaka,
Mutuini.

MAMA BECKY ANAJIBU

Naliaka, pole sana mama. Majina nimeyabadilisha, na kwanza niwatulize wasomaji wengine: kwa Zadock sikungoja gazeti lichapwe. Nilipiga ile namba siku barua iliponifikia, jirani akakuita, nikakuambia uende kwenye simu ya jamii, ile ya kulipia, wakati ule ule umweleze Zadock kwamba Thuo hakuiacha dawa, alikuwa akiinywa kwenye uji bila kujua. Ulilia, ukaenda, ukampata. Vidonge vyake vilikuwa bado havijaisha na ameahidi kwenda kuchukua vingine. Hapo ulifanya vizuri, na najua ilikugharimu.

Sasa nikugombeze. Yale ya kumwekea mara mbili usirudie tena maishani mwako. Nimezungumza na mfamasia ninayemwamini, na alipofika hapo pa kulala mchana kutwa alishika kichwa. Dawa hii ikizidi inaweza kumlaza mtu asiamke, na pumzi ikapungua. Dozi iliyopita imepita. Unampa inayofuata kwa wakati wake, basi, na zikikosekana kadhaa unampigia daktari simu. Ukimtikisa mtu na haamki sawasawa, usimkalie ukimhesabia pumzi. Mpeleke hospitali na uwaambie alichomeza. Na akianza homa, kutetemeka au kuchanganyikiwa, au akiwaona tena wale mafundi wa darini, ni hospitali vilevile, mbio, na usikubali mtu akuambie ni malaria kabla hujasema neno baklofeni.

Na umesahau jambo jingine. Thuo akiamini hana dawa mwilini, kitu gani kitamzuia kumeza piritoni kwa sababu ya mafua, au kidonge cha usingizi cha kuazima, au kuonja kidogo kileo wazee watakapokuja kwa mambo ya mahari? Vyote hivyo vinaleta usingizi juu ya usingizi. Mtu asiyejua anachokula hawezi kujilinda, Naliaka. Hata kule hospitali wakimuuliza anatumia dawa gani, atasema hakuna, na atasema kwa moyo safi.

Mama mkwe wako nilimcheka kidogo, nisamehe, halafu nikaacha kucheka. Sisi tuna neno moja tu, dawa, kwa ile ya hospitali na kwa ile inayonong'onezwa. Dawa ya hospitali humezwa na mtu anayeijua na aliyeikubali. Ulipoiponda na kuificha kwenye ndimu, uliichukua ya daktari ukaifanya ile ya mama mkwe wako. Najua ulifanya kwa mapenzi na kwa hofu, na mimi pengine ningesimama mlangoni mwa choo kama wewe. Lakini kumfichia mtu mzima mwenye akili zake timamu kitu anachomeza ni kumnyang'anya mwili wake, na wa Thuo umeshanyang'anywa vya kutosha.

Tena nimeipitia barua yako nikitafuta mahali Thuo alipoulizwa jambo, sijapaona. Daktari aliuliza habari za mateke, ukajibu wewe. Dawa ikaongezwa ili mlale. Ni haki yenu kulala, sikatai, lakini ni nani alimwambia daktari kwamba ugumu ule wa miguu ndio uliokuwa ukimsimamisha mumeo? Mfamasia ameniambia hili ni jambo linalojulikana sana: kuna watu ambao ugumu huo ni adui wakiwa kitandani na ni rafiki wakiwa wamesimama, na ukiuondoa wote umeondoa na nguzo. Daktari akilijua, anaweza kupunguza kidogo kidogo, au kupanga upya kiasi cha mchana na cha jioni, au kujaribu njia nyingine. Anaweza pia kuangalia kama kuna kinachochochea hiyo mikazo, maana hata mkojo wenye maambukizo, choo kigumu au kidonda kidogo huifanya miguu iruke. Lakini anayepanga ni yeye pamoja na Thuo. Wewe na kijiko chako mmestaafu leo.

Basi fanya hivi, na ufanye kabla ya siku ya kliniki, kwa sababu Zadock sasa anajua, na usimwache mumeo alisikie jambo hili kutoka kwa mwanaume mwingine huku ameshika chuma cha mazoezi. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Ngoja awe ameamka vizuri, mama yake akiwa hayupo, ukae mahali anapokuona uso. Mpe bahasha mkononi. Mwambie, "Baba Wahu, sikutupa." Mweleze yote, simiti na uji na chai ya juzi na Zadock, na usianze kujitetea hata akinyamaza. Atakasirika. Ana haki. Mwache akasirike, na usilie kwa sauti ya kumlazimisha akubembeleze.

Halafu mwambie jambo ambalo wewe peke yako unalijua: siku ile aliposimama mlangoni, jasho lilikuwa limeshaanza. Kwamba hukumwonea wivu miguu yake. Kwamba ulimwona mrefu, ukafurahi, ukaogopa. Umeniambia mimi nisiyekujua, na yeye hajasikia.

Dozi inayofuata aimeze mwenyewe, kwa maji, akiona. Akikataa, usimpondee wala usimfichie. Wapigie hospitali siku hiyo hiyo, kliniki isingojwe, na umwombe akubali kuongea na daktari hata kwa simu. Na mkifika pale mbele ya daktari, Naliaka, ufunge mdomo. Thuo aseme kwa kinywa chake kwamba anataka kusimama dakika moja kanisani Desemba. Hilo si ombi la aibu. Mwalimu wa mazoezi naye alisikie, maana kusimama kunafundishwa, na kuna vifaa vya kushika magoti. Desemba bado ina nafasi mkianza sasa. Na hata ikishindikana, wewe usiwe wa kwanza kumwambia kiti kinatosha. Hilo atalisema mwenyewe akitaka, na akilisema litakuwa lake.

Mama mkwe pia ni lazima aambiwe, na mwacheni Thuo amwambie. Alikuuliza swali kwa upole, na wewe ukamjibu nzi. Mwanamke aliyeletewa mwanawe kutoka Kileleshwa akiwa amevunjika ana haki ya kuogopa vikombe. Mwonyesheni vidonge, mwelezeni ni vya nini, nawe umwambie kwa nini ulimpokonya: ulikuwa unamlinda. Pengine hatakuamini mara moja. Umwombe msamaha hata hivyo, wewe mwenyewe, uende kwake kwa miguu.

Unaogopa kwamba Thuo hatakula tena kutoka mkononi mwako. Sijui, mama, na mtu akikuahidi kwamba anajua anakudanganya. Inawezekana atakula vya mama yake siku nyingi. Wewe usinung'unike, na usiache kupika. Kila siku pika, pakua kwenye sahani moja ya wawili, iweke katikati yenu, na anza wewe kula.